Unasali Saa Ngapi?

Mpangaji mpya akihamia kwenye nyumba ya vyumba sita inayochangia uani mmoja, iwe Mbagala, Nyakato au Kariobangi, haipiti wiki kabla jirani hajamuuliza: "Dada, unasali wapi?" Swali hilo halina uchokozi. Jirani anataka kujua kama mgeni ni Mroma, Mlutheri, Msabato au ameokoka, na kama Jumapili wanaweza kuongozana hadi kituoni. Majibu huja haraka: nasali parokiani, nasali pale kwenye hema karibu na stendi, nasali kwa mchungaji fulani. Kiswahili cha mtaani kimelifanya neno "kusali" libebe maana ya kuwa mshirika wa kanisa fulani, kiasi kwamba mtu husema "siku hizi sisali pale" na kila mtu anaelewa amehama kanisa.

Swali ambalo halisikiki uani hapo ni la saa. Hakuna anayemuuliza mpangaji mpya anasali saa ngapi, na akiulizwa ghafla wengi wangebabaika. Mkristo wa leo wa Afrika Mashariki ana mahali pengi pa kusali kuliko babu yake aliyebatizwa na wamisionari. Kuna mkesha wa Ijumaa, novena, semina ya neno la Mungu uwanjani, siku arobaini za kufunga na kuomba mwanzoni mwa mwaka. Pengo liko Jumanne alfajiri, wakati ambapo hakuna kipaza sauti wala kiongozi wa sifa, na mtu amebaki na Mungu wake tu. Hapo ndipo maisha ya sala ya wengi yanapovuja, na kuziba ufa huo kunahitaji saa kabla ya kuhitaji hamasa.

Kiswahili kinalikaribisha swali la saa kuliko lugha nyingi. Waswahili huhesabu saa za mchana tangu mapambazuko, kama walivyohesabu Wayahudi wa zama za Yesu. Mwingereza akisoma kwamba Petro na Yohana walipanda kwenda hekaluni saa ya tisa, hana budi kupiga hesabu kichwani, au kutumia tafsiri iliyokwisha kumbadilishia. Msomaji wa Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, anaona saa tisa na papo hapo anajua ni ule wakati ambapo jua limeanza kulegea na watoto wanarudi kutoka shule. Petro alipanda darini kuomba saa sita, njaa ikimuuma, chakula kikiwa bado jikoni. Kornelio, ofisa wa jeshi la Kirumi aliyekaa Kaisaria, alikuwa katika sala saa tisa. Roho aliwashukia wanafunzi siku ya Pentekoste, na ilipotimu saa tatu asubuhi mji mzima ulikuwa unashangaa. Marko naye anayahesabu mateso ya Bwana kwa saa hizohizo: saa tatu alisulubiwa, saa sita giza liliingia, saa tisa alilia kwa sauti kuu. Mkristo anayetazama saa yake ya mkononi akiwa ndani ya daladala anasoma nambari zilezile zilizomo kwenye Injili.

Kanisa la mwanzo lilizishika saa hizo. Didake, mwongozo mfupi wa waumini ulioandikwa kwenye mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa karne ya pili, unaagiza Baba Yetu isaliwe mara tatu kwa siku. Baba Yetu ikisemwa bila haraka haizidi nusu dakika. Mara tatu ni dakika moja na nusu. Kanisa ambalo lilikuwa likielekea kwenye karne za mateso liliona inafaa kuwafunza watu wake kwa kiasi hicho. Karibu mwaka 200, Tertuliano wa Karthago, kwenye pwani ya Tunisia ya leo, aliandika kitabu kuhusu sala akazitaja tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Alikiri kwamba hakuna amri inayomfunga mtu kwa saa hizo, ila alizipendekeza kwa sababu zinamng'oa mtu kwenye shughuli zake. Neno hilo la kung'oa limebeba mengi. Shughuli zina mizizi, na mtu hatoki kwenye kazi ya mikono yake kwa kungoja moyo uguswe.

Kengele ya Malaika wa Bwana inayopigwa alfajiri, adhuhuri na magharibi kwenye parokia za Kikatoliki ni mjukuu wa desturi hiyo. Watawa Wabenedikto wa Peramiho, abasia iliyoanzishwa mwaka 1898 kusini mwa Tanzania, wanaipanga siku yao kwa saa za sala na kazi zinajipenyeza katikati. Na Mkristo wa Tanga au Mombasa anayeamshwa na adhana anajua kwamba jirani yake Mwislamu hajiulizi kama leo ana hamu ya kuswali. Saa imefika, anakwenda kutawadha. Wapo Wakristo wa pwani wanaoamkia sala zao kwa sauti hiyohiyo ya muadhini, na hawana cha kuonea haya: wamepata kwa jirani ukumbusho wa kitu ambacho Danieli alikifanya Babeli mara tatu kila siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Habari ya Danieli husimuliwa sana kwa ajili ya simba. Maandiko yanasisitiza zaidi kwamba amri ya mfalme ilipotoka, alipiga magoti kama alivyokuwa akifanya tangu zamani.

Kitu kingine kimefichika kwenye kitenzi chenyewe. Kiswahili kina kuomba, kuombea na kuombewa, na siku hizi ni hilo la mwisho linalojaza mabasi. Mtu akiumwa, akikosa kazi, akichelewa kuolewa, shauri la kwanza analopewa ni hili: nenda ukaombewe. Kuombewa ni jambo jema. Yakobo katika waraka wake anawataka wagonjwa wawaite wazee wa kanisa. Tatizo huanza pale mtu anapokuwa hana tena kuomba, amebaki na kuombewa peke yake, na imani yake nzima inakaa mikononi mwa mtu mwingine mwenye kipaza sauti na chupa ya mafuta. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walifariki katika msongamano walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyobarikiwa. Watoto walikuwemo. Watu wale walikuwa wanamtafuta Mungu, na hakuna mwenye haki ya kuwacheka. Lakini msiba ule ungepaswa kuwafanya wachungaji wa madhehebu yote waketi na kujiuliza: ni nani aliyewafundisha Wakristo kwamba Mungu yuko upande ule wa uwanja, na kwamba anayechelewa kufika atamkosa?

Historia ya uamsho katika eneo hili inasimulia vingine. Septemba 1929, daktari mmisionari Joe Church alifika Kampala akiwa amechoka na kuvunjika moyo baada ya njaa kali iliyoipiga Rwanda, alikofanya kazi katika hospitali ya Gahini. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile. Wakaketi siku mbili wakisoma Biblia na kuomba, wawili tu. Kutokana na urafiki huo na kazi ya wenzao wa Gahini kulizuka uamsho uliovuka mipaka ya Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika. Kiswahili kilipata humo neno mlokole, kutoka Kiganda, yaani mtu aliyeokoka. Mikutano mikubwa ilikuja baadaye.

Je, mtu anaanzaje? Maelezo bora kabisa ya jambo hili huenda yakawa yale aliyoandikiwa kinyozi mmoja.

Peter Beskendorf alikuwa kinyozi wa Wittenberg, Ujerumani, na miongoni mwa vichwa alivyovinyoa ni cha Martin Luther. Alimuuliza Luther namna ya kusali, na mwaka 1535 Luther akamjibu kwa kijitabu kilichochapishwa, akimwandikia Bwana Peter kama rafiki mwema. Mwanateolojia aliyekuwa amesumbua dola na upapa anaanza kwa kukiri kwamba hata yeye, kazi na mawazo vikimsonga, sala humpoa na kumkosesha raha. Anachofanya ni kuchukua kitabu chake kidogo cha zaburi, kuingia chumbani, na kusema kwa sauti Amri Kumi, Kanuni ya Imani na maneno machache ya Maandiko, kama wafanyavyo watoto. Moyo ukishapata joto, anapiga magoti au anasimama, na anasema kwa kifupi.

Luther anampa kinyozi onyo moja ambalo kila mtu mwenye simu mkononi angelielewa: ajihadhari na yale mawazo yanayosema ngoja kidogo, nitasali baada ya saa moja, kwanza nimalize hili na lile. Hayo, anasema, yatamvuta hadi siku iishe. Kisha anageukia kazi ya Peter mwenyewe. Kinyozi mwema anaweka macho na akili kwenye wembe na nywele, anajua amefika wapi katika kunyoa. Akipiga soga huku akitazama mtaani, atamkata mteja mdomo, pua, au hata koo. Peter alikuwa ameshika wembe maisha yake yote. Hakuhitaji kufafanuliwa maana ya kuwa makini.

Njia anayofundishwa ni rahisi. Achukue amri moja, au ombi moja la Baba Yetu, alisokote kama kamba yenye nyuzi nne: hapa ninafundishwa nini, ninashukuru kwa lipi, ninaungama lipi, ninaomba nini. Si lazima amalize zote. Wazo jema likimjia katikati, aache mengine yote, anyamaze, asikilize, kwa kuwa hapo Roho mwenyewe anahubiri. Kuna watu waliosoma shahada za teolojia na hawajapata shauri lenye manufaa kuliko hilo alilopewa mtu wa wembe na sabuni.

Msomaji wa Mbagala atauliza: chumba chenyewe kiko wapi? Luther alikuwa na nyumba. Familia ya watu sita inayopanga chumba kimoja na pazia katikati, inajifungia wapi? Yesu aliposema mtu aingie chumba cha ndani na kufunga mlango, neno la Kigiriki lililoandikwa na Mathayo ni lile la stoo, mahali pa kuwekea nafaka na zana. Nyumba za wanakijiji wa Galilaya zilikuwa finyu, watu wakilala pamoja, na stoo ndiyo iliyoweza kufungwa. Kwa hiyo mtu aliambiwa akasali kati ya magunia. Simulizi maarufu kuhusu Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, mama wa John na Charles, husema kwamba katika nyumba iliyojaa watoto alikuwa akijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua wasimguse. Alizaa watoto 19, na kati yao 10 ndio waliovuka utoto. Mwanamke wa Afrika Mashariki hahitaji kutafsiriwa jambo hilo. Ana khanga.

Mtazame mama lishe anayefungua kibanda kabla ya saa kumi na mbili. Anaamka saa kumi, anatoka nje na jiko la mkaa, anapanga vipande vikubwa chini na vidogo juu, anawasha karatasi, anapepea kwa kifuniko cha sufuria. Mkaa haushiki mara moja. Kuna kama dakika kumi ambazo hawezi kuzifupisha: maji hayajawekwa, unga haujakandwa, watoto wamelala, kuku wa jirani ndio wanaosikika. Dakika hizo ziko kila siku, mvua au kiangazi, na hakuna anayezigombania. Akivuta khanga kichwani, akaketi kwenye kigoda na kumtajia Mungu majina ya watoto wake mmoja mmoja, pamoja na deni la unga na mguu unaouma, amepata stoo yake. Watu kama yeye wako wengi, wanasali hivyo miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kuwaita mbele ya kanisa wawafundishe wengine. Wangeitwa, semina nyingi zisingehitajika.

Mtawa wa Kikarmeli aliyejulikana kama Ndugu Lawrence, aliyefariki Paris mwaka 1691, alifanya kazi jikoni na baadaye akashona makubazi. Barua na mazungumzo yake yalikusanywa baada ya kifo chake, na kiini chake ni kwamba aliweza kuwa na Mungu kati ya masufuria kama alivyokuwa naye kanisani. Watu humnukuu ili kujipa ruhusa ya kutokuwa na saa maalumu: mimi nasali kazini, nasali nikitembea. Lakini Lawrence aliishi katika nyumba yenye kengele na ratiba, na uhuru wake uliota juu ya miaka mingi ya utaratibu huo. Hata wenye shughuli za dola hawakukosa nafasi. Mwalimu Julius Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943 na kuwa Rais hadi 1985, alifahamika kwa kuhudhuria Misa ya asubuhi karibu kila siku.

Baada ya saa na mahali huja maneno, na hapa makanisa yetu yana ugomvi wa zamani. Waliookoka huwatuhumu Wakatoliki na Waanglikana kwamba wanasali kwa kukariri. Wakatoliki nao husikia maombi ya jirani aliyeokoka yakirudia "Baba, Baba, katika jina la Yesu" mara hamsini na kujiuliza kama huko nako si kukariri. Pande zote mbili zina la kujifunza. Yesu mwenyewe msalabani alisali kwa maneno ya zaburi, ya 22 na ya 31, maneno aliyoyajua tangu utotoni. Mtu aliyezidiwa na uchungu hawezi kutunga; hushika kilichomo kinywani tayari. Vilevile mtu anayejua sala za kitabu peke yake, asiyewahi kumwambia Mungu kwa Kiswahili chake cha nyumbani kwamba ana hofu ya kufukuzwa kazi, hajawahi kumweleza Mungu habari zake.

Wengine lugha ya moyoni si Kiswahili. Husali kanisani kwa Kiswahili safi, na wakifikwa na msiba hulia mbele za Mungu kwa Kihaya, Kikamba au Kinyakyusa. Waendelee. Mwanateolojia John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931 na padri wa Kianglikana aliyefariki mwaka 2019, alikusanya sala za jadi kutoka pande nyingi za Afrika katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Nyingi ni fupi na zinakwenda moja kwa moja kwenye haja: mvua, mtoto, safari, mifugo, usingizi salama. Wazee waliomtaja Mungu alfajiri kwa sentensi mbili kabla ya kushika jembe wamewaachia wajukuu wao Wakristo shule nzuri ya ufupi. Benedikto, katika kanuni aliyowaandikia watawa wake katika karne ya sita, naye aliagiza sala iwe fupi na safi. Agostino wa Hippo, ambaye mji wake uko Algeria ya leo, alimwandikia mjane aitwaye Proba kuhusu wamonaki wa Misri waliosali mara nyingi kwa sala fupi sana, zilizorushwa kama mishale, ili umakini usichakae.

Anayesumbuliwa na akili kutangatanga afuate alilogundua George Müller wa Bristol, mtu ambaye maishani mwake alilea yatima zaidi ya 10,000 na mahitaji yao akiyapeleka kwa Mungu kwa maombi. Mwaka 1841 aliandika kwamba kwa miaka alikuwa akianza asubuhi kwa kupiga magoti mara tu akiamka, na mara nyingi robo saa, nusu saa au zaidi ilipotea kabla moyo haujatulia. Alipobadili mpangilio, akaanza kwa kusoma Biblia polepole na kuacha maneno yenyewe yamwongoze kwenye maombi, shida hiyo ilikaribia kuisha. Luther na zaburi zake alikuwa amesema jambo hilohilo miaka 300 kabla. Zaburi moja, isomwe kwa sauti ya chini, na mstari unaogusa ugeuzwe kuwa ombi: mtu akiwa na hilo hatakosa la kumwambia Mungu kesho asubuhi.

Halafu inakuja wiki ya tatu, na watu huacha. Imeenea dhana kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu 96 waliojitwisha kila mmoja kitendo kidogo kipya, kama kula tunda au kunywa maji, wakikifungamanisha na jambo walilokwisha kulizoea kila siku. Kadirio la kati lilikuwa siku 66 hadi kitendo kifanyike chenyewe bila kusukumwa, na tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Sala ni zaidi ya tabia, na Roho hapimwi kwa kalenda. Hata hivyo mwili unaopiga magoti ni uleule unaokunywa maji, na Mkristo aliyejiona mnafiki kwa sababu siku ya ishirini na tano bado anajilazimisha, aondoe mashaka. Anaendelea kama binadamu wa kawaida. Aliyekosa Jumatano asali Alhamisi, asijaribu kulipa deni kwa saa mbili za kujiadhibu.

Kuna ukavu mwingine ambao siku 66 haziuponyi. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, ulimwengu uligundua kwamba kwa karibu nusu karne alisali kila siku akiwa ndani ya giza, bila kuhisi uwepo wa Mungu. Hakuacha saa yake. Na kinyozi Peter? Mwaka uleule wa 1535, siku ya kuamkia Pasaka, mezani kwa mkwewe, alimchoma kisu mkwe huyo akamuua. Kijitabu cha sala kilikuwa kimeandikwa kwa ajili yake. Luther alikwenda kumwombea kwa wakubwa wa Saksonia, na Peter akaepuka kifo, akanyang'anywa mali yake na kufukuzwa Wittenberg. Wanaohubiri kwamba mtu wa maombi hapatwi na baya, wala hatendi baya, wangeisimulia habari hii pia. Kusali kila siku hakumfanyi mtu kuwa mwingine kwa mara moja, na hata rafiki wa Luther alihitaji rafiki wa kumsihia.

Machi 2020 nyumba za ibada zilifungwa Kenya kwa sababu ya korona, na hadi Julai ndipo zilipoanza kuruhusiwa tena kwa masharti. Kwa miezi ile swali la "unasali wapi" lilikuwa na jibu moja kwa wote: nyumbani. Waliokuwa na saa yao waliendelea, tena baadhi waliwakusanya watoto na kuwafundisha Zaburi ya 23. Waliokuwa na mahali peke yake waligundua kwamba mlango wa kanisa ulifungwa pamoja na kinywa chao. Milango imefunguliwa tangu zamani, viti vimejaa, na somo lile linasahaulika, jambo linalotia uchungu, kwa kuwa lilinunuliwa ghali.

Makanisa yanaweza kuanza na kitu kidogo ambacho Wamoravian wanacho tangu kale. Agosti 1727, katika kijiji cha Herrnhut mashariki mwa Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za usiku na mchana, kila mmoja akabeba saa yake ya kuomba. Mnyororo huo ulidumu zaidi ya miaka 100. Mwaka uliofuata walianza kupelekeana neno la siku nyumba kwa nyumba. Mwaka 1891 wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe, na leo hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Kule Herrnhut kila mtu alisali peke yake, ila wenzake walijua saa yake, na akiugua waliweza kuishika kwa niaba yake.

Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo zilizoenea tangu miaka ya 1970, Walutheri wana jumuiya za mitaa, na makanisa ya kiroho yana vikundi vya nyumbani. Mara nyingi kikao huanza kwa mahudhurio na kumalizika kwa michango, katikati pakiwa na somo. Hakuna kinachozuia mwenyekiti kuzungusha daftari na kumwomba kila mmoja aandike saa moja tu: saa kumi na moja wakati mkaa unashika, saa mbili na nusu kwenye foleni ya Ubungo, saa nne usiku mlinzi anapoanza zamu. Si kwa ajili ya kukaguana. Ni ili mama wa nyumba ya tatu ajue kwamba saa kumi na moja, wakati anapepea jiko, kijana wa bodaboda naye amezima pikipiki chini ya mwembe na anasema Baba Yetu. Daftari hilo likizungushwa Jumamosi hii, watakuwepo watakaoliangalia kwa muda mrefu kisha waseme ukweli, kwamba hawana saa ya kuandika. Wapewe kalamu wiki inayofuata.